Ukuta wa Kukinga Upepo

Mabanda ya Vibarua,
Nyuma ya Kiwanda cha Mbao.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote. Goti lako linaendeleaje? Najua miezi hii ukungu bado umelala huko kwetu, na goti lako halijawahi kupatana na ukungu. Shemeji bado anakohoa asubuhi? Na yule ndama mwekundu aliyekataliwa na mama yake, alipona? Naona ninauliza habari za mwaka jana. Za mwaka huu sina.

Sisi huku hatujambo. Nimeandika hatujambo kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha kuanza barua, ukinishika mkono na kile kipande cha penseli. Ukweli utaukuta chini.

Simu zangu hupokei na sikulaumu. Barua hii nimempa dereva wa lori la mbao anayepita njia ya kwenu. Ni mtu mzima, hana papara, ameahidi kukukabidhi mkononi. Nakuomba usiichane. Isome hata ukiwa umesimama, hata ukiwa umekunja uso, lakini ifikishe mwisho.

Joto la huku ulilionja kidogo tu, ukaondoka na hasira, kwa hiyo nadhani hukulijua vizuri. Si joto la jua, ni joto la maji. Mtu anaoga, anajifuta, na kabla hajatundika taulo ameshalowa upya. Nguo tunazianika asubuhi na jioni tunazianua mbichi vilevile. Viatu vyangu vya harusi vimeota ukungu wa kijani humo uvunguni. Chumvi haimwagiki, tunaikata kwa kisu. Saruji usipoiwahi inaganda ndani ya mfuko wake, unanunua unga unafungua jiwe. Baba alikuja huku kukimbia baridi ya kifua. Baridi aliikimbia kweli.

Nitagusa jambo lake mara moja tu, kisha sitalirudia. Siku ile ulipofika, maji yakiwa yamepungua barabarani, ukakuta udongo umeshaanza kuota majani, ulisema tumemzika baba kama paka. Ulisema mbele ya majirani, ukakataa hata maji ya kunywa. Mimi nilinyamaza. Leo nakwambia usilolijua. Hospitali yenye chumba cha baridi iko ng'ambo ya bonde, na bonde lilikuwa ziwa. Aliyesema basi, azikwe, hakuwa mimi. Mama alikaa kando ya baba akimpepea kwa kifuniko cha ndoo, hakutaka mtu ampokee, tukawa tunambembeleza kama mtoto. Mwishowe alikiweka kile kifuniko chini mwenyewe, akasema, "Mchukueni. Sitaki binti yangu amkute hivi." Hayo ndiyo yaliyotokea. Hatukukuharakishia baba, Dada. Joto ndilo liliharakisha.

Ulipoondoka Mama hakulia. Alikaa siku nyingi akifagia sehemu ileile moja ya uwanja. Halafu ukaitishwa mkutano wa mabanda, ule wa kugombania zamu za bomba, na yeye akasimama, akaacha mambo ya bomba akasema, "Tujenge pa kungojeana." Watu walidhani amechanganyikiwa. Akaeleza. Chumba kimoja chenye baridi, ili mtu akifa mvua ikiwa imefunga njia, asizikwe mpaka watu wake wa mbali wamfikie. Humu karibu kila mlango una mtu wake wa mbali. Hakuna aliyepinga.

Kiwanda kilitupa kipande cha ardhi na maranda ya kujaza kati ya kuta mbili, maana ndivyo baridi inavyofungiwa. Mashine tulipewa na kiwanda cha barafu kilichofungwa, kuukuu, ilikuwa ikigandisha samaki. Bado inanuka. Mama alipoinusa alisema vizuri, atakayelala humu atajulikana kwa harufu kwamba hakuoza yeye, ni samaki. Mama yako ndiye yule yule.

Ikawa kila siku ya mapumziko familia zinatoka kujitolea. Sitakudanganya kwamba ni wakati wa furaha. Juma zima nimebeba mbao za watu begani, na siku pekee ya kunyoosha mgongo nabeba karai la zege la bure. Wifi yako anasimama katikati ya ngazi, anapokea karai kutoka chini na kulipitisha juu, mikono imemchubuka kwa saruji mpaka hawezi kumenya kitunguu. Binti yangu mkubwa, yule mliyefanana sauti na kutembea, ndiye anayekoroga. Hapa wanamwita Shangazi, kwa sababu yako. Jasho linadondokea kwenye zege na hatulifuti, tumechoka kulifuta. Fundi wetu anasema jengo hili likionjwa litakuwa na chumvi.

Huyo fundi ni mtu wa kwetu, kutoka bonde la pili juu ya kinu. Jina lake hakuna anayelitumia, anaitwa Pimamaji, kwa kile kipimo chake cha maji kisichomtoka mkononi. Anakiweka juu ya kila kitu. Nimemwona akikiweka juu ya sahani ya ugeni. Wifi yako alimuuliza, "Chakula kimepinda, shemeji?" akajibu, "Meza ndiyo iliyopinda, shemeji. Chakula hakina neno." Ni fundi mzuri na mtu mwema, ndiyo maana yaliyompata yananiuma.

Si wote waliotupenda. Fundi cherehani wa banda la pembeni alizoea kupita na kusema kwa sauti, "Walio hai wanavujiwa, nyinyi mnawajengea wafu!" Siku moja Mama akamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye mchanga wake, "Wewe ukivujiwa unahamisha kitanda, baba. Mume wangu angehamia wapi?" Jumapili iliyofuata alikuja na koleo. Hajakosa tangu siku hiyo.

Nimesema mchanga wake. Hapa sasa ndipo penyewe, Dada. Mama kazi yake ilikuwa kuchekecha mchanga. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, wavu mapajani, kitambaa kichwani, na hakuna punje ya mchanga iliyoingia katika kuta zile bila kupita mikononi mwake. Mwanzoni alichekecha asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha akawa anapumzika katikati. Kisha miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo kama kwenye unga. Tulimpeleka hospitali ng'ambo ya bonde. Daktari alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema moyo umechoka. Nikamuuliza kama utapumzika upone. Akasema huu hauchoki hivyo.

Tulipokuwa tunarudi nilitafuta maneno ya kumwambia. Yeye akanitangulia. "Jengeni vizuri," akasema, "mpangaji wa kwanza ndiye huyu hapa." Akacheka, akakohoa, akashika kiti cha mbele mpaka pumzi ikarudi.

Basi unaelewa tulivyojenga tangu hapo. Tulijenga kama watu wanaofukuzwa. Nilikuwa nikimwona kwenye ndoo yake nasema moyoni, safari hii Dada atangojwa. Hata kama ni mvua ya gharika, atafika amkute mama yake alivyo, na atanisemesha. Hilo ndilo nililokuwa nikibeba kwenye karai. Zege lilikuwa jepesi.

Tukamaliza kuta. Tukamwaga paa la zege siku moja, mabanda yote yalitoka, hata wanaochukiana walipokezana karai. Pimamaji alipanda juu akaweka kipimo chake pande zote, akashuka akasema kwa mara ya kwanza, "Hapa sina la kuongeza." Ikabaki kufunga mlango mzito na mashine.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunafagia ndani ili mashine iingizwe, Mama akaja na machela ya kiwandani, anaiburuta. Akaitandika mlangoni, akavua ndala, akalala chali, ndala akaziweka kifuani. "Haya," akasema. "Mlango mmeupima, mimi hamjanipima. Niingizeni."

Wifi yako alianza kulia palepale. Mama akamkemea, "We mkwe, machozi yangoje kazi. Shika upande wako." Tukashika wanne, mimi na Pimamaji mbele, wifi yako na Shangazi nyuma. Watu wakasogea kutazama. Kulikuwa na utani mwingi, nadhani kwa woga. Mtu alisema tumtoze nauli.

Tukavuka mlango. Hatua chache ndani, mbele yangu nikauona ukuta.

Dada, unaujua ukuta huo. Nyumbani kila nyumba unao. Ule ukuta mfupi nyuma ya mlango, unaingia halafu unakata kona ndipo uone chumba. Wa kukinga upepo. Sisi wote tuliojenga ni watu wa kule juu, tumezaliwa kwenye upepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Mkono wa mtu wa kwetu ukijenga mlango, unajenga na kikinga upepo nyuma yake, kama mtu anavyokunja shuka. Huku upepo hakuna. Tangu nimefika sijaona jani likitikisika bila mtu kulishika. Na tukaujenga ukuta wa upepo, mnene, mara mbili, wenye maranda katikati.

Machela haikukata kona. Tuliisukuma mbele, miguu ya Mama ikagusa ukuta. Tukairudisha nyuma, tukainamisha ubavu, akaanza kuteleza. "Mnanimwaga!" akapiga kelele, na wa nje wakacheka. Tukainyanyua upande wa kichwa. Tukashusha. Tukageuza. Vicheko vya nje vikapungua kimoja kimoja mpaka nikasikia jasho langu likidondoka kwenye turubai la machela.

Tukamlaza chini. Pimamaji akatoa kipimo chake mfukoni akakiegemeza kwenye ule ukuta. Akakitazama muda mrefu. "Umenyooka," akasema, na akakaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa kamba.

Kwa nini tusiubomoe, utauliza. Paa lote upande ule limeukalia. Ukiuondoa lazima uegemeze zege kwa nguzo, umwage mhimili mpya, ukae mpaka ukomae. Saruji imekwisha, na watu nao wamekwisha. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wengi, na neno likaharibika mikononi mwetu sote. Mtu mmoja alishauri maiti watolewe kwenye machela wabebwe mikononi. Mama akamtazama akasema, "Mimi nibebwe kama gunia la mkaa? Na huyo anayengojewa aje aone hivyo?" Yule mtu akaomba radhi. Wakaondoka, kila mmoja na koleo lake. Mashine bado iko nje chini ya turubai, na jana nimeona kuku ametaga humo.

Pimamaji hajatokea tena. Nilimfuata kwake, mkewe akaniambia amelala. Adhuhuri. Kipimo chake kiko juu ya kabati, nimekiona.

Jambo moja sikulieleza hapo juu. Tulipokuwa tumekaa sakafuni wote tumeinamisha vichwa, Mama aliinuka kwenye machela mwenyewe. Akavaa ndala zake. Akaweka kiganja ukutani, kwenye lipu yetu yenye chumvi, akatembea polepole akakata kona, tukabaki kumsikia tu. Ndala, pumzi, ndala, pumzi. Kisha sauti yake ikatoka ndani, "Huku kuzuri. Pana nafasi."

Leo asubuhi nilichukua nyundo na tindo nikaenda peke yangu. Nilijua siwezi, lakini nilishindwa kukaa nyumbani namsikiliza akihema. Nikaanza kuugonga ule ukuta. Ni mgumu, Dada. Kila kitu nimejenga vibaya maishani mwangu, hiki ndicho kilichokuwa imara. Nilikuwa nimetoboa pa kuingia ngumi moja nilipomwona amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Kutoka bandani kwetu hadi pale si mbali, wewe ulipatembea, ni umbali wa kuita mtoto. Alikuwa ametota kama amevuka mto.

"Acha," akasema.

Nikamwambia nitaufungua, nitaufungua hata kwa meno, Dada atamkuta. Akasubiri nimalize kusema upuuzi wangu. Halafu akasema, "Ulikuwa unanijengea nimngoje dadako nikiwa nimelala. Mimi kungoja nimelala sijui. Baba yako alikuwa na subira hiyo, mimi sina. Kamwandikie. Mwambie aje ningali nakata kona mwenyewe."

Ndiyo barua hii.

Sasa nakwambia kama ndugu wa tumbo moja, bila kupaka sukari. Kutoka pale hadi nyumbani nilimkalisha mara tatu. Kitandani halali tena, anakaa akiegemea mto na mgongo wa wifi yako. Anga la upande wa bonde limeanza kuwa zito tangu juzi, na wewe unajua barabara ile ikifunga inafunga. Chumba hakipo. Nilichokuwa nataka kukuletea badala ya maneno, kimeshindikana. Sina njia nyingine ya kukungojea.

Dereva anashusha mbao huko, anapumzika, kisha anarudi mtupu. Nimezungumza naye. Kiti cha mbele ni chako, hakuna malipo, amesema yeye naye ana mama. Usifue shuka, usingoje ndama auzwe. Chukua kitenge cha kujifunga na dawa ya goti, upande.

Kama tatizo ni mimi, na najua ni mimi, nitaondoka. Mnyapara ameniruhusu nilale kwenye ghala la mbao siku zote utakazokuwepo. Hutaniona. Huna haja ya kunisalimia wala kunisamehe. Kitanda changu kiko upande wa dirisha, wifi yako atakitandika. Nitafurahi kusikia tu sauti yako ikipita, kama Shangazi anavyonidanganya kila akiita watoto kula nikadhani ni wewe.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu mmoja mmoja, na mkweo asiyesikia, umwambie kwa sauti kwamba nimemtaja. Mpe pole mjomba kwa mke wake, habari zilinifikia nikashindwa kuandika. Wifi yako anakusalimu, mikono yake haishiki kalamu la sivyo angeongeza mstari. Shangazi anakuamkia, anasema anataka amwone anayefananishwa naye kila siku.

Mama hajatuma salamu. Nilimuuliza, akasema za kwako anazo mwenyewe, uje uzichukue.

Mungu aishike mvua huko juu ilipo, akupitishe bondeni, kisha aiachie anavyotaka.

Wako akupendaye, niliyekuwa nikikufuata nyuma kila ulikokwenda,

Mkia wako.